Mwaka Niliojifunza Kupika Bondeni

Tulimzika Jotham kwao Maragoli, siku ya manyunyu, kaburi limechimbwa kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Aliyeongoza mazishi alishika kipaza sauti akasema, "Sasa tumwite shemeji yetu wa Nakuru, mzee Elieza. Huyu aliishi na marehemu wakiwa vijana, kabla hata ya uhuru. Mzee, maneno mawili tu, mvua inakuja." Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kueleza alivyoitumikia reli mpaka akastaafu, alivyosomesha watoto wa ndugu zake, alivyosimamia ujenzi wa kanisa. Lakini niliposimama na kuliona lile sanduku, yote yakanitoka. Nikasema, "Jotham alinilisha nikiwa sina kazi." Watu wakangoja. Nikasema, "Na mimi nilimpikia." Wakacheka kicheko cha msibani, cha kumhurumia mzee, nami nikarudi kuketi. Mke wangu Rasoa, ambaye ni mdogo wake Jotham, alinitazama kutoka upande wa wafiwa. Watu walidhani maneno yamenikauka kwa uzee. Kumbe chumba kile cha Bondeni, mjini Nakuru, kilikuwa kimenijia chote kwa mpigo, na moshi wake, na harufu ya nguo za grisi, na sauti ya mtu ambaye sikuweza kumtaja mbele ya kaburi la shemeji yangu.

Mambo ya kwetu Upare nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilitoka Tanganyika nikiwa kijana wa kunyoa ndevu kwa shida, kwa sababu mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa Nakuru alituma salamu kuwa kazi zimejaa. Alisema kuna vita na serikali imetangaza hali ya hatari, Wakikuyu wanaondolewa mashambani na mjini, na wenye kazi wanatafuta mikono mingine. Nilisikia neno kazi. Neno vita lilinipita kama jina la mji nisiokusudia kwenda. Niliposhuka stesheni ya Nakuru, yule mtu hakuwepo. Alikuwa amekwisha kwenda Kampala. Nikakaa juu ya sanduku langu la bati mpaka jua likaanza kushuka. Upepo ulitoka ziwani na vumbi jeupe la magadi, likaniingia machoni na kinywani, nikawa najiuliza ni nchi gani hii ambayo hata vumbi lake lina chumvi. Ndipo akaja kijana mrefu aliyetoka zamu, ovaroli yake nyeusi kwa grisi, akasimama mbele yangu.

"Unangoja nani?"

"Namngoja mtu wa kwetu, lakini nimeambiwa ameondoka."

"Sasa kama ameondoka, unangoja nini?"

Akanitazama vizuri. "Wewe ni wa upande gani? Unaongea kama Biblia."

"Natoka Tanganyika. Mimi ni Mpare."

"Mpare," akarudia, kana kwamba anaonja chakula kigeni. "Basi inuka, Mpare. Giza ikiingia na huna mahali, utalala kwa askari. Hii ni wakati wa emajensi, hakuna mchezo."

Huyo ndiye alikuwa Jotham. Alibeba upande mmoja wa sanduku, mimi nikabeba mwingine, tukavuka reli na kuingia Bondeni. Mpaka leo, nikipita pale na kuona maduka ya simu na vibanda vya kinyozi, macho yangu huvitafuta vile vyumba. Zilikuwa nyumba ndefu za kaunsili ya mji, vyumba vimepangwa safu mbili zilizopeana mgongo. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa ndio ukuta wa nyuma wa wenzetu, lakini milango yao ilitazama ua mwingine kabisa, na ili ufike huko ilibidi uzunguke nyumba nzima. Tena ule ukuta haukufika juu kwenye mabati. Ulikomea pale mtu mrefu akinyoosha mkono anapoweza kuweka sahani, na juu yake pakabaki uwazi wa kupitisha moshi, harufu na kila neno. Chumbani mwetu mlikuwa na kitanda kimoja cha Jotham, mkeka wangu, jiko la makaa, sufuria mbili, na kalenda ya duka la Mhindi yenye picha ya mlima wenye theluji. Sharti la Jotham lilikuwa moja: "Mwenye kazi analeta unga. Asiye na kazi anapika." Kwetu mwanamume hakusogelea jiko. Lakini mgeni hachagui kiti, nikakubali.

Kila asubuhi nilimsindikiza Jotham mpaka karakana ya reli, kisha nikaanza mzunguko wangu wa malango. Nilikwenda kwenye kinu cha unga, nikaenda kwenye kiwanda cha mablanketi, nikaenda kwa Wahindi wa mbao, nikapanda juu upande wa Menengai kwenye nyumba za Wazungu ambako ubao wa mbwa kali ulikuwa mkubwa kuliko dirisha. Kwingine waliandika kabisa kwa rangi: HAKUNA KAZI. Watu wa malango wanafahamiana kwa nyuso. Tulikuwa kundi, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Waganda wawili watatu, tukitoka lango moja kwenda jingine, na kila mmoja akificha alilosikia ili afike peke yake. Uchungu wa kutafuta kazi hauko miguuni. Uko pale mtu anapokutazama toka juu mpaka chini, akamaliza, na akarudi kwenye shughuli yake bila kukujibu. Nilikuwa nikishuka mjini mchana nikiwa nimekuwa mdogo kuliko nilivyopanda, na kitu pekee kilichoningoja kilikuwa jiko.

Nami sikujua kupika. Ugali wangu wa kwanza Jotham aliuinamisha kwenye sahani, ukatiririka. "Ndugu yangu," akaniuliza kwa upole, "hii ni ya kula ama ya kunywa?" Wa pili ulikuwa na madonge makavu kama kokoto. Hakunigombeza hata siku moja. Alikula akitazama ukutani, akamshukuru Mungu, akalala. Upole ule ulinitesa kuliko ngumi.

Jioni moja nilikuwa nimechutama mbele ya jiko, nasonga kwa hasira, makaa yanafuka, machozi yananitoka kwa moshi na kwa mengine. Sauti ya mwanamke ikatoka juu ya ukuta wa nyuma. "Wewe wa upande hiyo! Unasonga ama unapaka ukuta chokaa?"

Nikashtuka nikaacha mwiko. "Hodi?" nikasema, kwa sababu sikujua la kusema.

Akacheka. "Hodi ya nini na uko kwako? Sikiliza. Umetia unga kabla maji haijachemka. Mimi nimesikia. Maji ikichemka vizuri inaongea. Sasa tia unga kidogo, ngoja, tia tena. Na ushike sufuria, usiiogope, haiumi."

Nikatii kama mtoto wa shule. Akaendelea kunisikiliza, akaniambia nigeuze, nifunike, nipunguze makaa. Jotham alipokuja akamega tonge, akalitazama, akanitazama. "Umepata mke?" akauliza. Kutoka upande wa pili tukasikia kicheko kikizibwa kwa kitambaa, na sauti ya mwanamke mzima ikakemea kwa Kikuyu, "Wangari, kira!" Sikujua Kikuyu, lakini neno la kumnyamazisha binti linaeleweka katika lugha zote. Hivyo ndivyo nilivyojua jina lake.

Kuanzia hapo nikawa na mwalimu. Wangari na mama yake walikuwa wakiuza mboga sokoni mchana, na jua likizama hawakuruhusiwa kutoka, kwa sababu amri ya kukaa ndani iliwabana Wakikuyu kuliko sisi. Baba yake alikuwa amechukuliwa na askari kabla sijafika. Hawakumtaja, ila niliposikia mama akiomba kwa sauti ya chini nilijua anaombewa nani. Basi binti alikuwa ndani, mimi nilikuwa ndani, na katikati yetu ukuta. Alinifundisha kulainisha vitunguu bila kuviunguza, kuchagua maharagwe kwa kuyaviringisha kiganjani, kuponda viazi na mahindi na majani ya maboga mpaka vikawa kitu kimoja cha kijani, chakula ambacho kwetu sikuwahi kukiona. "Ponda na roho moja," alisema. "Nasikia unaponda huku unafikiria kitu ingine." Ilikuwa kweli. Nilikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa nimemjengea umbo lote akilini: mrefu, mwembamba, shingo ndefu, macho ya kuinamisha.

Naye aliniuliza habari za Upare. Nilimweleza milima yetu, mifereji ya maji inayopita kila shamba kwa zamu, tangawizi, baridi ya asubuhi. Kisha akauliza.

"Huko kwenu kuna emajensi?"

"Hakuna."

"Askari haingii kwa nyumba?"

"Haingii."

"Na chakula iko?"

"Kipo."

"Sasa ulikuja kufanya nini huku?"

Nikasema nilikuja kutafuta kazi. Hakucheka. Akasema, "Haya. Geuza maharagwe, yanashika chini." Jibu lile dogo nimelitafakari kwa miaka mingi. Angeweza kuniuliza kazi hizo zilipatikana vipi. Alijua kuliko mimi. Lakini alinionea huruma, mimi mwenye kwetu, yeye ambaye kwao palikuwa panahesabiwa kuwa si kwao.

Siku moja nikapata ujasiri. "Wangari, kesho nitazunguka upande wenu nikusalimie."

"Usizunguke," akasema upesi. "Ukionekana kwa mlango yetu askari wataandika umeleta maneno ya vita. Na sisi tutaulizwa wewe ni nani."

"Basi nitakujuaje tukikutana njiani?"

"Si unanijua?"

Kweli nilimjua.

Jotham aliyaona yote haya. Hakunicheka. Alianza kuleta vitu bila kuombwa, mara kipande cha nyama, mara chumvi ya ziada, na akiingia alisalimu ukuta: "Habari ya jioni, majirani." Kisha akapata wazo. Nyapara wao pale karakana, Mjaluo mmoja mzito wa maneno aliyeitwa Ogola, alikuwa anajuana na msimamizi wa nyumba wanayopumzikia madereva wa treni. Jotham akamwalika Jumapili. Wangari alinifundisha tangu asubuhi, hatua kwa hatua, hata mama yake akaacha kumkemea na akatia neno lake moja: "Mwambie asiweke maji mingi kwa nyama." Ogola akala polepole, akaongeza. Mwisho akafuta mikono. "Jotham, umeoa?"

"Sijaoa. Ni huyu Mpare anapika."

Akanigeukia. "Wewe ni mpishi. Lakini nisikudanganye. Pale kuna wapishi wawili, Wakikuyu, kazi yao safi kabisa. Nafasi hakuna. Ikitokea nitakuita."

Alipoondoka nikasikia juu ya ukuta, "Alikula?"

"Alikula akaongeza."

"Basi ni mimi nimepika," akasema Wangari, na mama yake akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomsikia mama yule akicheka.

Haikupita muda, wakaja. Ilikuwa alfajiri. Tuliamshwa na magari, kisha kipaza sauti kikituamuru tutoke wote, wake kwa waume, twende kwenye kiwanja. Bondeni nzima ilikuwa imezungukwa na askari. Walituketisha chini kwa makundi, Waluhya huku, Wajaluo kule, na kundi lililokuwa likizidi kukua lilikuwa la Wakikuyu na mafurushi yao. Askari mmoja alinisimamia akaniuliza kabila, nikamjibu. "Mpare ndiyo nini? Hebu sema kitu." Nikasema nilipotoka na nilivyofika. Akamwambia mwenzake, "Wacha huyu, si wa hapa, anaongea kama kitabu." Nilikuwa bado nashukuru moyoni niliposikia sauti ikiita, "Maitu! Maitu!" Ni binti anamwita mama yake, kwa sauti ile niliyoizoea juu ya ukuta. Nikageuka.

Alikuwa mfupi. Mnene kidogo, mweusi wa kung'aa, kitambaa cha bluu kichwani, furushi kwapani, akimtafuta mama yake kwenye msongamano na akinyoosha shingo. Hakuna chochote katika umbo nililomjengea kilichokuwa sawa, na papo hapo lile umbo langu la zamani likafa, nikaona kwamba huyu ndiye, na asingeweza kuwa mwingine. Nikasimama. Macho yake yakanipita kama yanavyopita mti. Nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kuiona sura yangu.

"Kaa chini," Jotham akanong'ona, akinivuta shati. "Elieza, kaa chini."

Askari akapaza sauti, "Wewe! Nani amekuambia usimame?"

Ndipo nikamjibu kwa nguvu zote za kifua changu, maneno mengi kuliko aliyoyaomba. "Nakaa, afande! Nilikuwa natazama tu, afande! Mimi ni Mpare wa Tanganyika, nakaa chini sasa hivi!"

Wangari aligeuka. Alinitafuta kati ya watu waliokaa, akaniona mimi peke yangu niliyesimama. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayelinganisha kitu na alichoambiwa. Kisha akainua kidevu kidogo, hivi, na nusu ya kicheko ikapita usoni pake. Kirungu kikanipata begani, nikakaa. Nilipoinua macho walikuwa wanapandishwa malori, naye alikuwa anamsukuma mama yake kwa nyuma ili apande. Sikuuona uso wake tena.

Jioni ile Jotham ndiye aliyewasha jiko. Hakuna aliyetwambia maji yanachemka. Juu ya ukuta hapakuja moshi wala neno, na tulikula kwa sauti ndogo kana kwamba kuna mgonjwa. Kabla ya Jumapili kufika, Ogola akapiga hodi, hakutaka hata kuketi. "Ile nafasi imetokea. Zote mbili. Kesho uende." Hakutazama machoni mwangu. Alipotoka nikamwambia Jotham kwamba siendi, kwamba siwezi kusimama mahali pa watu waliobebwa kwenye lori moja na majirani zetu. Jotham alikuwa anavua viatu vyake. Alimaliza kuvua kwanza.

"Ukikataa, watarudishwa?"

"Hawatarudishwa."

"Basi enda. Na upike vizuri, ili ile kazi isiharibike."

Nikaenda. Nilikuta aproni imetundikwa msumarini, bado ina mikunjo ya kiuno cha mwenyewe. Mchana wa siku ile niliwapikia madereva nyama na viazi vya kuponda, wakasifu. Ndiyo kazi niliyokuja kuitafuta, nikiiota barabarani na malangoni, na nilipoipata niliingia stoo ya unga nikafunga mlango, nikalia mpaka msimamizi akaniita.

Tulikaa na Jotham katika chumba kile miezi michache zaidi. Upande wa pili waliingia watu wengine, watu wema wa Bunyore waliokuwa na mtoto mchanga, na mama wa mtoto alikuwa akisalimu ukuta kama Jotham alivyozoea. Nilimjibu kwa adabu. Kisha Jotham akahamishiwa Eldoret, mimi nikapewa chumba kule kazini, na mwaka ule ukaisha hivyo, bila kuaga.

Nimepika maisha yangu yote. Emajensi ilipokwisha na watu wakaanza kurudi, nilikuwa nimehamia Njoro, mpishi wa shule, na kila siku ya soko niliwauliza wanawake waliorudi. Mwisho nikampata mama mmoja aliyewahi kukaa safu ile ya nyuma. Akaniambia mama yake Wangari alifia katika kijiji walichofungiwa na askari, nyuma ya handaki la miiba. Wangari mwenyewe alipona. Aliolewa na mtu aliyepata shamba upande wa Olenguruone. "Yuko na watoto," akasema. "Unamjua wapi?" Nikamwambia tulikuwa majirani. Olenguruone si mbali. Ukitoka asubuhi, mchana umefika. Sikwenda. Ningekwenda kuwa nani? Mwaka uliofuata Jotham alinipeleka kwao Maragoli, nikamwona mdogo wake Rasoa, na tumeishi naye kwa amani ambayo sikuistahili na ambayo namshukuru Mungu kwayo.

Basi tulipotoka mazishini, binti yetu Neema akiendesha gari, sisi wawili tulikaa nyuma na blanketi miguuni. Tulipita mashamba ya chai ya Kericho. Tulipofika Mau Summit ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, Neema akapunguza mwendo. Rasoa akasema, akitazama dirisha lake, "Baba Neema, pale kaburini ulipoishiwa maneno ulikuwa unamkumbuka yule wa nyuma ya ukuta."

Katika maisha yetu yote sikuwahi kumtamkia habari hizo. "Nani alikuambia?"

"Jotham. Kabla hujaja kwetu. Aliniambia, huyu ni mtu mzuri, lakini kuna wakati anasikiliza mtu mwenye hayuko. Ukimkubali, umkubali hivyo."

"Na ukanikubali."

"Mtu anapika vile, ningekataa aje?" Akacheka kidogo, akanirekebishia blanketi. Kisha akauliza, bila wivu, kama unavyouliza habari za ndugu ya mtu, "Alikuwa anaongea namna gani?"

Nikasema nitamwonyesha. Nikaanza na yale ya unga na maji, neno kwa neno, kwa maana sijasahau hata moja. Yalitoka kwa sauti ya mzee, yenye mikwaruzo. Nikajaribu tena taratibu zaidi, kisha nikafumba macho nikaitafuta sauti yake yenyewe, ile iliyonifanya nigeuke kiwanjani kabla sijaona uso, na haikuwepo. Sijui iliondoka mwaka gani. Rasoa alikuwa ameinama kwangu, ametega sikio, anangoja.